Siku Sokwe Wangu Walipomtangaza Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa samaki namgeuza na kumnusa kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji, nikisifiwa nauliza anayenisifu anataka nini, na mtu akinisalimia kwa heshima iliyopita kiasi naenda kuangalia kama mlango wa stoo umefungwa. Marehemu mama alikuwa akisema nitazeeka mapema kwa kukunja uso. Nayasema haya tangu mwanzo kwa sababu katika mambo ninayotaka kuyakumbuka hapa nilimshuku karibu kila mtu wa nyumbani kwetu, na aliyestahili kushukiwa kwanza nilimfikia wa mwisho.

Kazi yangu ni kuandika mchezo wa redio. Kila Alhamisi jioni kituo kimoja kidogo cha hapa Kisangani hurusha kipande cha hadithi yangu ya msituni. Dereva wa lori anapotea njia kupita Bafwasende, lori linazama matopeni, anaingia msituni kutafuta watu wa kumsaidia kusukuma, na badala ya watu anakutana na sokwe wa aina isiyojulikana. Si hawa sokwe tunaowajua, ambao mjini huitwa mokomboso. Wangu ni warefu zaidi, wana mvi mgongoni tangu utotoni, na wana lugha. Niliwaita Wandubwi. Jina nililipata nikiwa nimekaa juu ya mawe karibu na maporomoko ya Tshopo, nikisikiliza kitu kizito kikianguka majini nisione kimeangushwa na nani.

Lugha ndiyo iliyonitoa jasho. Mwanzoni niliwapa maneno ya mdomoni: neno la tunda, neno la hatari, neno la mama, neno la kumfukuza mgeni. Niliyatunga mwenyewe mezani, nikawa nayatamka jikoni peke yangu hadi jirani akauliza kama ninaumwa. Lakini mji huu umejaa watu wa kila upande, na sikujua kwamba hapa ni vigumu kutunga neno lisilo na mwenyewe. Kipande cha kwanza kilipokwisha tu, simu zikaanza kulia studio. Mzee mmoja alisema neno langu la tunda ni tusi kubwa katika lugha ya mama yake. Mwanamke mmoja alitaka kujua ni nani aliyenitajia jina la shimo lao la dhahabu. Muuza chikwangue wangu wa sokoni, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, ambaye hunifungia iliyo laini, aliniuma sikio kwamba watu wanasema maneno yale si ya kutunga, ni ya kuitia kitu. Kisha dereva mmoja wa ile barabara ya Bafwasende akaapa hewani kwamba amewaona Wandubwi kwa macho yake, wamekaa kando ya njia wakitazama magari. Nilijua anatia chumvi, kwa kuwa niliyewatunga ni mimi. Hata hivyo nilimuuliza migongo yao ilikuwa na rangi gani.

Basi nikakata shauri kwamba Wandubwi hawatasema tena kwa mdomo. Nilikuwa nimewasikia wawindaji wakieleza kuwa sokwe wa kweli hupiga kwa mikono na miguu mizizi mipana ya miti mikubwa, na sauti ile husikika mbali sana. Nikasema wangu nao watazungumza hivyo: pigo nene, pigo jembamba, halafu kimya. Nani atapiga simu kudai kwamba kimya ni cha kwao? Nilijiona mjanja kweli, nikaenda kumwambia fundi wetu wa sauti.

Fundi huyo ni mtu wa Maniema, mtu mzima mwenye mke na watoto, na amepanga vyumba viwili katika parsele ya baba yangu, kiwanja na nyumba ninapoishi na mimi. Tunaonana kazini, tunaonana nyumbani, hata kamba ya kuanikia nguo ni moja. Nilimwomba sauti ya mizizi ikipigwa. Baada ya siku chache akaniwekea masikioni kitu kilichonisimamisha nywele. Ilikuwa lokole, hilo sikuwa na shaka nalo, ila ameipunguza mwendo na kuitia mwangwi hadi ikawa kama inatoka ndani ya ardhi. Nilimuuliza ameipata wapi. Akasema iko tu katika vitu vyake, akainama na kuanza kukunja nyaya. Mtu anayeulizwa swali akaanza kukunja nyaya ana jambo. Niliweka hilo akilini, lakini kipande kilikuwa kinangojwa, tukakirusha.

Hapa lazima nieleze lokole kidogo. Ni mgogo wa mti mgumu uliochimbwa tumbo kupitia ufa mwembamba, ukaachiwa midomo miwili, mmoja wa sauti nene na mwingine wa sauti nyembamba. Watu wa mtoni, Walokele, hutumia sauti hizo mbili kusema lugha yao, kwa sababu lugha yenyewe hupanda na kushuka, na lokole huifuata. Baba yangu ni Mlokele. Nimezaliwa nikiiona lokole, lakini kuielewa siielewi. Mama alikuwa wa ukoo wa Waislamu wa mji huu, waliofika na biashara tangu zamani za misafara, na baba alisilimu ili amwoe, akahamia na katika Kiswahili cha mama. Sisi watoto tulikulia katika Kiswahili hicho. Kaka zangu walikwenda Kinshasa wakaongeza Kilingala, na hakuna aliyerudi nyuma kuchukua Kilokele. Kwa hiyo mtu anaweza kunipigia lokole kuniambia nyumba yangu inaungua, mimi nikabaki natikisa kichwa kwa utamu wa ngoma.

Alhamisi ile umeme wa upande wetu ulikatika. Baba alikuwa amekwenda kuswali, redio yetu haina betri, hatukusikia mchezo. Jambo moja la kituo chetu ni kwamba kabla ya mchezo wangu husomwa matangazo ya vifo: familia ya fulani inatangaza, mazishi yatakuwa mahali fulani. Mkurugenzi ameyaweka hapo kwa sababu saa hiyo watu wengi wako karibu na redio. Msomaji akimaliza matangazo, huingia sauti ya msitu, na mchezo unaanza bila neno lingine. Sikuwahi kuliona tatizo lake.

Ijumaa mchana nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo, nikasikia kilio getini. Wanawake waliingia wameshika vichwa, wengine wakajitupa chini, nyuma yao wanaume wamebeba mikeka na masufuria. Walikuwa ndugu za baba wa chini ya mto, waliopanda boti la mbao alfajiri. Aliyewatangulia ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo. Akanikumbatia, akalia shingoni mwangu. "Mutoto yangu," akasema, "papa yako ametuacha."

Niliangusha mchi. Asubuhi ile baba alikula muhogo na samaki akaomba tena, akaondoka kwa miguu yake kwenda msikitini. Lakini mtu anaweza kuanguka njiani, na ndugu wakajua kabla ya binti, mambo kama hayo hutokea. Nilianza kulia na mimi. Nililia kweli, sitaki kudanganya, nikiwa nimeshika mikono yenye majani ya pondu.

Ndipo baba akaingia getini. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, mkononi ana samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, aliyefungwa kamba mdomoni. Wanawake walipoona mtu mweupe amesimama mlangoni kimya, walitawanyika. Mmoja alikimbilia jikoni, mwingine akakaa juu ya gunia la makaa bila kulitazama. Baba aliangalia mikeka, akaangalia masufuria, akaniangalia mimi na machozi yangu.

"Ni nani alikufa?" akauliza.

Shangazi alikuwa ameniachia na kukaa chini. "Iko weye," akamjibu.

Maelezo yalitoka vipande vipande. Kwa watu wa mtoni kila mtu ana jina la lokole, refu, lenye maneno yake mwenyewe, na jina la baba yake, na kijiji cha mama yake, ili asichanganywe na mwingine. Jana jioni, kule kijijini, wazee walikuwa wanasikiliza matangazo ya vifo. Matangazo yakaisha, wakasikia lokole. Ilikuwa ya polepole na ya ajabu, lakini iliita jina la baba mwanzo hadi mwisho, kisha ikasema lile neno linalosemwa mtu akiwa amelala na hataamka. Hawakungoja kusikia lori wala sokwe. Walizima redio wakaanza kulia, na alfajiri wakapanda boti.

Nilitaka kucheka. Baba hakucheka, wala hakukasirika. Alitundika samaki kwenye msumari, akakaa, akaomba maji ya kunywa, na macho yake yakaenda kwenye mlango wa fundi wa sauti. Nililiona hilo. Nikadhani anauliza moyoni swali lile lile langu, lokole ile imetoka wapi.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Kwa ndugu zangu wale, kumpigia mtu aliye hai neno lile ni kumwita aje kulala kweli. Na lokole haijipigi. Macho yalianza kwangu: nani ametunga masokwe haya, nani ameyapa ulimi, amekubaliana nini na nani? Niliapa kwamba sijui hata pigo moja. Shangazi aliniamini kwa sababu ya aibu tu, kwamba binti wa ndugu yake hana Kilokele hata cha kuombea chumvi. Halafu macho yakavuka mto yakafika kwa tonton.

Tonton ni mdogo wake baba, anakaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto. Katika familia yote, wanaoweza kupiga lokole waliobaki ni wao wawili. Na walikuwa hawasemeshani. Mama yangu alipofariki, ndugu zake walitaka azikwe siku ile ile, kwa dua, bila ngoma yoyote. Tonton alikuwa amevuka mto na lokole kubwa ya ukoo ndani ya mtumbwi, akaibebesha watu hadi getini kwetu ili amtangaze mke wa kaka yake kama inavyotakiwa. Baba alitoka akamzuia mlangoni. Alimwambia hapa leo hakupigwi kitu. Tonton aliirudisha lokole mtumbwini mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Sisi tulipokutana naye sokoni alitusalimia vizuri, akauliza afya ya kila mtu isipokuwa baba.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Shangazi alisema tonton ataitwa Jumapili, na kama ni yeye, amejitoa: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kula kwake, na siku yake ikifika hakuna wa kumzika. Tena hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya upole. Wapwa wa baba, ambao damu yao iko juu, walikuwa wanasema neno ndoki bila kushusha sauti, na kwetu mtu akiitwa mchawi asubuhi, nyumba yake inaweza isifike jioni. Niliogopa. Lakini niseme ukweli, nami nilimshuku tonton. Nilikumbuka uso wake siku ile akigeuza mtumbwi, nikasema moyoni, mtu mwenye uso ule anaweza.

Jumamosi nilimfuata fundi. Alikuwa ametoka mapema kuliko kawaida, na mke wake aliniambia hajui kitu huku akinipa kiti mara mbili. Nilimkamata studio, mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Akasema ametoa ahadi. Nikamuuliza amemwahidi nani. Akatazama dari. Nikamwambia kuna mtu wa kuchomewa nyumba kwa ajili ya ahadi yake, akaanza tena kukunja nyaya. Nikajua amenunuliwa na tonton. Sikufikiri tu hivyo, nilijua.

Mchana niliingia stoo kutafuta mikeka zaidi ya wageni. Humo kuna lokole ndogo, ya babu, ambayo miaka yote nimeiona ikiwa na vumbi, juu yake fagio na kapu la makaa. Kapu lilikuwa sakafuni. Lokole ilikuwa imefutwa na kupakwa mafuta ya mawese, vijiti viwili vyenye mpira kichwani vimelazwa juu yake, na kando kuna kigoda. Nikaviinua vile vijiti nikavirudisha. Kwa hiyo tonton aliingia humu, nyumbani mwetu, tukiwa hatupo, akampigia kaka yake neno lile kwa ngoma ya baba yao. Ufunguo wa stoo hukaa katika mfuko wa kanzu ya baba, nami nilikuwa nimeuomba kwake. Nikasema fundi aliuiba akampa. Kila kitu nilikuwa nacho mkononi, nikakipanga vibaya.

Nilitoka nikamwambia shangazi mbele ya watu. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoandika michezo. Baba alikuwa amekaa hatua chache tu, akasikia yote. Aliniuliza kama wageni wamekwisha kula.

Jumapili tonton alivuka mto peke yake. Alivaa koti, amefunga vifungo vyote, na viatu vyake vilikuwa na tope la kivukoni. Alipofika getini alisimama pale pale alipozuiwa siku ile, hadi shangazi alipomwambia aingie. Tulikaa barazani na uani kwenye viti vya plastiki, na wapwa walibaki wamesimama. Shangazi akamsomea shtaka. Tonton alisema yeye hasikilizi masokwe, hajui wamesema nini, anaomba kitu kimoja, asikie lokole yenyewe.

Fundi aliletwa pamoja na kompyuta yake. Shangazi alimwamuru apige sauti ile kama alivyoichukua, bila mwangwi wa msitu. Akabonyeza, na lokole ikasikika uani kwetu, haraka na safi, mara ya kwanza mimi kuisikia kama ilivyo. Wanawake wakafunika nyuso. Tonton alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti, mkono wa kulia na wa kushoto. Neno lile la mwisho lilipopita, alifumbua macho, hakumtazama shangazi wala mimi. Alimtazama baba. Baba alikuwa anatazama ndala zake.

Nilidhani tonton anatafuta uongo wa kusema, na kwa kweli ndio aliokuwa anautafuta.

"Bon," tonton akasema. "Iko mimi njo nilipiga. Mufanye vile munataka."

Kiti kilianguka nyuma yangu, wapwa wakasogea. Nakumbuka nilifurahi. Furaha ya mtu aliyeshuku na akapatia ni furaha mbaya, lakini ni tamu, na niliionja pale pale, nikageuka kumwangalia baba ili tuionje pamoja. Baba alikuwa amesimama.

"Mukae chini," akawaambia wapwa, akimwonyesha mdogo wake. "Leki yangu anadanganya. Ile iko mukono yangu."

Hakuna aliyeelewa. Shangazi alimuuliza mkono gani. Baba aliinua mikono yote miwili akatuonyesha, kama mtu anayepekuliwa, na akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natafuta kitu cha kushika.

"Nani angenipigia?" akasema. "Batoto bangu habajue. Leki yangu hakuje tena kwangu. Nani angenipigia?"

Kisha akaeleza, mara nyingine kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kilokele, na shangazi akawa ananitafsiria. Baba anajua kwamba akifa ataswaliwa na kuzikwa siku ile ile, na hilo analitaka, amelichagua mwenyewe. Lakini mto hautajua. Watu aliokua nao watasikia baada ya miezi, kwa mdomo wa mpita njia. Basi siku moja mchana, nikiwa studio na watu wengine hawapo, alimwita fundi na kinasa sauti chake, akatoa lokole ndogo, akapiga. Alipiga wito wa mvua, wito wa samaki, na salamu za asubuhi, kwa kuwa mikono ilikuwa na hamu. Mwisho akapiga jina lake na neno lile. Alimwambia fundi kwamba hizo nyingine akitaka azitumie redioni, lakini ile ya mwisho aifunge, asimwambie mtu, aitoe siku yenyewe.

Fundi alisema kweli, kichwa kikiwa chini. Yeye ni mtu wa Maniema, hajui Kilokele, kwake zote zilikuwa ngoma tu. Nilipomwomba sauti ya sokwe alizisikiliza tena, akasahau ni ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, akachagua iliyopigwa vizuri kuliko zote.

Nilikasirika kuliko ninavyoweza kuandika. Siku zote zile baba aliona mdogo wake anavishwa uchawi, akanisikia mimi nikipanga ushahidi, akauliza habari ya chakula. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Nilimwambia wangechoma nyumba. Baba alisema aliona haya, basi. Mzee mzima, aliyejipigia kilio chake mwenyewe katika stoo ya makaa, angesemaje? Kila alipofungua mdomo, aibu iliufunga. Sikumwelewa siku hiyo. Leo namwelewa kidogo, lakini hasira ile haijaisha yote.

Tonton naye aliulizwa kwa nini alikubali kosa lisilo lake. Alisema alijua tangu mapigo ya mwanzo. Sauti ilikuwa ya lokole ndogo ya baba yao, ambayo hajaisikia tangu wakiwa vijana, na mkono wa kushoto ulikuwa unachelewa kidogo, kama unavyochelewa tangu kaka yake alipouvunja kwenye boti. Alijua ni nani, na akajua ni kwa nini, na hakutaka kaka yake avuliwe nguo mbele ya watoto. Alisimama akaenda hadi kwenye kiti cha baba. Alimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, na ingawa aliongea kwa sauti ya chini tulisikia sote.

"Ungeniita tu, yaya," akasema. "Ningevuka."

Baba alimshika koti, pale kwenye kifungo, akawa amelishika tu.

Baadaye tonton alimgeukia fundi akamwambia afute. Fundi akamtazama baba, baba akaitikia kwa kichwa. Akafuta. Mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaomba kuona kwamba imetoka kweli, na kwamba haikubaki katika simu, wala katika ile kompyuta ya studio. Nilimfuata hadi studio siku hiyo hiyo kuhakikisha. Wageni walipika samaki wote waliokuja nao, wakala kilio kama sherehe, na jioni shangazi alipanda boti akiwa ametuachia onyo kwamba mtu akitaka kufa aseme kwa mdomo.

Alhamisi iliyofuata Wandubwi hawakusema kitu. Dereva wangu wa lori aliwakuta wamekaa kwenye mizizi, wamemzunguka, wanamtazama, na yeye ikambidi akisie wanachotaka. Niliandika hivyo kwa kukosa la kufanya. Wasikilizaji walipiga simu kusema sasa ndipo wanatisha. Tangu hapo nimewaacha hivyo. Muuza chikwangue anasema watu bado wana wasiwasi na mimi, ila sasa wanashuku kimya changu, na chikwangue ananifungia laini kama zamani.

Tonton huvuka mto kila Jumapili. Baba huitoa lokole ndogo barazani yeye mwenyewe, haibebwi na mwingine, na tonton hukaa kwenye kigoda kufanya mazoezi, kwa sababu jina la baba ni refu na mikono yake ilikuwa imelisahau mahali fulani katikati. Baba hukaa kando, kofia magotini, akimsahihisha. Huko jikoni nami nasikiliza. Sasa najua mapigo yanayomtaja baba, najua yanapoingia kwa babu, najua yanapofika kijiji cha bibi. Hapo tonton huinua vijiti juu na kuishia hapo, kwa kuwa kinachofuata ni lile neno. Kila Jumapili mimi hushuku kwamba leo atasahau, atalipiga, na mwiko hunisimama mkononi hadi nihakikishe.

Baba naye hungoja. Husikiliza hadi sauti ya mwisho iishe kabisa ndani ya mti. Halafu huvaa kofia yake.

"Bon," husema. "Tukule."